Udongo wa Maua ya Vyungu: Unaofaa Mmea, Unaopita Mpakani

Mfanyabiashara anaponunua maua ya vyungu kwa ajili ya kuyauza nchi jirani, jicho lake huenda kwanza kwenye rangi, ukubwa wa mmea na idadi ya vikonyo. Udongo ulio ndani ya chungu hauangaliwi sana. Hata hivyo, ni udongo huo unaoamua mambo matatu yanayogusa mfuko wake: iwapo mmea utafika ukiwa hai, gari litabeba vyungu vingapi, na iwapo shehena itaruhusiwa kuvuka mpaka.

Jambo la tatu ndilo linalowashtua wengi. Nchi nyingi huzuia udongo usiingie kutoka nje au huuruhusu kwa kibali maalum tu, na udongo uliojazwa chunguni ni udongo kama mwingine. Gari lililojaa maua mazuri yaliyopandwa katika udongo wa shambani linaweza kurudishwa, au mzigo ukateketezwa kwa gharama ya mwenyewe. Ndiyo maana uamuzi wa udongo hufanyika kitaluni, wiki nyingi kabla ya safari. Ukisubiri mpaka ufike mpakani, umechelewa.

Makala hii inaeleza mchanganyiko upi unafaa maua yapi, malighafi zipi zinapatikana katika kanda hii, namna ya kuupima udongo kabla ya kununua, na yanayotakiwa mpakani.

Kwa nini udongo wa shamba haufai chunguni

Shambani, maji ya mvua hushuka chini mita nyingi. Chunguni maji yana sentimita 10 au 20 tu za kushuka, kisha hufika kwenye kitako na kukwama. Hata chungu chenye matundu hubaki na tabaka la maji chini kwa sababu chembe ndogo za udongo huyashika. Kadiri chembe zilivyo ndogo, ndivyo tabaka hilo linavyokuwa nene. Katika udongo wa mfinyanzi tabaka hilo linaweza kujaza karibu chungu chote kidogo, mizizi ikakosa hewa na kuoza.

Wapo wanaoweka kokoto au vigae chini ya chungu kwa imani kwamba maji yatatoka haraka. Hali ni kinyume. Maji hayavuki kwa urahisi kutoka chembe ndogo kwenda kokoto kubwa mpaka udongo wa juu ulowe kabisa, hivyo tabaka la maji hupanda juu na kukaribia mizizi zaidi. Kipande kimoja cha wavu cha kuzuia udongo usivuje kinatosha.

Aina tatu za udongo wa kanda hii zinastahili kutajwa. Udongo mwekundu wa nyanda za juu, kama ule wa maeneo ya chai, una muundo mzuri lakini mara nyingi una tindikali kali. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na katika chungu hukata mizizi. Haufai hata ukichanganywa kidogo. Udongo wa pwani penye mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na maua yanayopenda tindikali hugeuka majani ya njano kwa kukosa madini ya chuma ingawa madini hayo yamo.

Udongo wa msituni nao husifiwa kwa weusi wake. Kuuchota katika hifadhi za misitu bila kibali ni kosa, na pamoja na rutuba hubeba wadudu, vimelea na mbegu za magugu. Kwa mzigo wa kuvuka mpaka, ni kujitafutia matatizo.

Malighafi zinazopatikana

Mchanganyiko mzuri wa chungu una kazi nne: kushika maji, kuacha hewa, kulisha mmea, na kuushika usianguke. Hakuna kitu kimoja kinachofanya zote, ndiyo maana huchanganywa.

Vumbi la makumbi ya nazi. Hupatikana pwani ya Kenya na Tanzania, na pia huingizwa kutoka Asia likiwa limeshindiliwa kama matofali. Hushika maji mengi na bado huacha hewa, na likikauka njiani hunyonya maji tena kwa urahisi. Bunda la kilo 5 hufumuka kufikia takriban lita 65. Tatizo lake ni chumvi, hasa makumbi yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari. Ni lazima lioshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Wakulima wakubwa huliloweka pia katika mbolea ya kalsiamu naitreti ili kuondoa sodiamu iliyong'ang'ania.

Pamisi. Ni mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yanayopatikana katika Bonde la Ufa. Mashamba ya waridi nchini Kenya huyatumia pamoja na vumbi la makumbi kuoteshea maua bila udongo. Huleta hewa, hayaozi, na yakichekechwa kuondoa unga hudumu miaka mingi. Chembe za milimita 3 hadi 8 zinafaa vyungu vingi.

Maganda ya mpunga. Hupatikana kwa wingi panapokobolewa mpunga, kama Mwea nchini Kenya na Mbarali, Kyela na Kilombero nchini Tanzania. Yakitumiwa mabichi hunyonya naitrojeni wakati wa kuoza, na punje zilizobaki huota. Yakichomwa kwa moto wa kudhibitiwa mpaka yawe meusi bila kuwa majivu, huwa safi, mepesi na yenye kupitisha maji. Hupandisha pH kidogo.

Vemikulaiti. Madini haya yakipashwa moto hufunguka kama kurasa za kitabu, hushika maji na virutubisho. Akiba kubwa inayojulikana iko Namekara, mashariki mwa Uganda. Hutumika zaidi kuoteshea mbegu na vipandikizi.

Mboji. Mabaki ya mimea yaliyooza kikamilifu hulisha mmea na vijidudu vyenye faida. Iwe nyeusi, yenye harufu ya mvua ya kwanza, na isiwe ya moto ukichomeka mkono ndani. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Samadi ya ng'ombe ivundikwe miezi kadhaa kwanza. Kwa mzigo wa nje, mboji na samadi huuliziwa maswali mpakani kama udongo wenyewe.

Randa za mbao. Ni za bei nafuu lakini mbichi hunyima mmea naitrojeni, na za mbao zilizotiwa dawa ni sumu. Zitumike zikiwa zimeozeshwa, la sivyo ziachwe.

Ua gani, mchanganyiko gani

Vipimo vifuatavyo ni kwa ujazo, si kwa uzito. Debe, ndoo au kopo, chochote kitumike mradi kisibadilishwe katikati.

Violeti ya Usambara. Ua hili dogo la dirishani ni la nyumbani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilikuta katika eneo la Usambara mkoani Tanga, na mbegu zake zikatumwa Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland alilipa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha, na siku hizi wataalamu huliweka katika jenasi ya Streptocarpus. Jamii zake huota pia Taita na katika miamba ya pwani ya Kenya.

Mahali linapoota hueleza udongo linaoutaka: kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, katika mboji nyembamba ya majani, ambapo maji hupita lakini unyevu haukauki. Mizizi yake ni mifupi na myembamba. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 2 za vumbi la makumbi lililooshwa, sehemu 1 ya pamisi ndogo au maganda ya mpunga yaliyochomwa, na sehemu 1 ya mboji iliyochekechwa. pH iwe kati ya 5.8 na 6.5. Chungu kiwe kidogo, upana wake uwe kama theluthi ya upana wa majani. Chungu kikubwa hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haiufikii, na hapo ndipo kuoza huanzia.

Anturiamu. Mizizi yake hutaka hewa kuliko udongo. Vipande vya makumbi vya ukubwa wa kidole gumba, mkaa uliovunjwa na pamisi kubwa kwa sehemu sawa vinatosha. Mboji iwe kiganja tu.

Waridi la jangwani. Mmea huu wa shina nene, unaoitwa kitaalamu Adenium obesum, huota maeneo makavu ya Afrika Mashariki na hadi Dhofar nchini Oman. Sehemu 2 za pamisi au mchanga mkubwa kwa sehemu 1 ya vumbi la makumbi. Mchanga mwembamba usitumike kwa kuwa huziba matundu. Shina lake huhifadhi maji, hivyo mmea unaweza kung'olewa, kuoshwa mizizi, kukaushwa kivulini na kusafirishwa bila udongo kabisa. Mfanyabiashara ahakikishe mimea imezalishwa kitaluni, haikung'olewa porini.

Bogonivilia. Hupenda mizizi ibanwe na udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Ukiwa na rutuba nyingi hutoa majani badala ya maua. Sehemu 2 za vumbi la makumbi, 2 za pamisi na 1 ya mboji. Mizizi yake hukatika kirahisi, hivyo haifai kuhamishwa chungu karibu na siku ya safari.

Waridi la chunguni. Ni mlaji mkubwa. Sehemu 2 za vumbi la makumbi, 1 ya pamisi na 1 ya mboji, pamoja na mbolea ya kuyeyuka taratibu. Chungu kisipungue kina cha sentimita 20.

Jerani. Linataka mchanganyiko unaopitisha maji haraka na pH ya karibu 6. Makumbi na pamisi kwa sehemu sawa vinatosha, mbolea ikitolewa kwa maji. Udongo wa shamba usiguswe kabisa kwa ua hili, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Haidrenjia. Udongo hubadilisha rangi yake. Katika tindikali, pH ya 5.5 au chini, mmea hupata aluminiamu na aina nyingi hutoa maua ya buluu. pH ikikaribia 7 hutoa waridi. Mteja aliyeagiza ya buluu akimwagilia kwa maji yenye chokaa atayaona yakibadilika msimu unaofuata, na lawama zitamrudia muuzaji. Ni vyema aambiwe mapema. Aina nyeupe hazibadiliki namna hiyo.

Makumbi na pamisi havina chakula cha kutosha. Anayeacha udongo wa shamba anabeba wajibu wa kulisha mmea kwa mbolea, kidogo kidogo na mara kwa mara.

Vipimo vitatu kabla ya kununua

Mnunuzi wa jumla hana haja ya maabara ili kutambua udongo mbaya. Vipimo vitatu hufanyika hapo hapo kitaluni.

Cha kwanza ni kiganja. Chukua udongo wenye unyevu, ufinye, kisha ufungue mkono. Ukibaki tonge gumu linalong'aa, ni mfinyanzi. Ukishikana kisha ukaachia kwa kuguswa kidole, unafaa. Ukimwagika mara moja, haushiki maji.

Cha pili ni nafasi ya hewa. Ziba matundu ya chungu cha ujazo unaojulikana, kijaze mchanganyiko mkavu bila kushindilia, kisha mimina maji polepole mpaka yaonekane juu. Acha kwa muda. Halafu zibua matundu na ukinge maji yanayotoka. Kama chungu ni cha lita 2 na yametoka mililita 300, nafasi ya hewa ni asilimia 15. Chini ya asilimia 10 udongo ni mzito mno. Kati ya 10 na 20 hufaa maua mengi. Violeti, anturiamu na waridi la jangwani hutaka zaidi ya 20.

Cha tatu ni mizizi. Toa mimea michache, isiyochaguliwa na muuzaji, kutoka kwenye vyungu vyake. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu. Ya kahawia inayochunika na kunuka imeoza. Yenye vinundu kama shanga ina minyoo fundo, na shehena yenye minyoo hiyo isipakiwe. Hakuna bei nafuu inayofidia hasara yake.

Mwenye kununua mara kwa mara anunue pia kipima pH na kipima chumvi vya mkononi. Kwa makumbi ya pwani, kipima chumvi kitarudisha bei yake haraka.

Uzito na nauli

Hesabu ya usafirishaji hubadilika kabisa kulingana na kilichomo chunguni. Lita moja ya udongo wa shamba uliolowa huwa na uzito wa takriban kilo 1.6. Lita moja ya mchanganyiko wa makumbi na maganda ya mpunga yaliyochomwa, ukiwa na unyevu wa safari, huwa karibu kilo 0.6.

Vyungu 1,000 vya lita 2 vikijazwa udongo wa shamba vina tani 3.2 za udongo peke yake. Gari la tani 3 limeshazidiwa kabla ya kupima mimea, vyungu na trei. Vyungu hivyo hivyo katika mchanganyiko mwepesi vina tani 1.2. Tofauti ni tani 2 za udongo zinazolipiwa mafuta na matairi bila mteja kulipa senti.

Vyungu vyepesi huruhusu pia kupanga kwa rafu za ngazi mbili au tatu ndani ya bodi. Hapo kinachoweka kikomo huwa nafasi, si uzito, na nauli kwa kila chungu hushuka.

Wenye vitalu husema makumbi ni ghali wakati udongo ni wa bure. Hesabu ifanywe kwa chungu. Bunda la kilo 5 linalotoa lita 65, likichanganywa na kiasi sawa cha maganda ya mpunga yaliyochomwa, hupata lita 130, yaani vyungu 65 vya lita 2. Bei ya bunda igawanywe kwa 65, kisha ilinganishwe na nauli inayookolewa na thamani ya chungu kimoja kilichokataliwa mpakani.

Kwa nini udongo huzuiwa

Wafanyabiashara wengi huona zuio la udongo kama usumbufu wa maofisa. Sababu zake ni za kiuchumi na zinawagusa wakulima ambao hawana uhusiano wowote na maua.

Mwaka 2003 vipandikizi vya jerani kutoka Kenya viligunduliwa nchini Marekani vikiwa na bakteria Ralstonia solanacearum, wa kundi linalosababisha mnyauko wa viazi mviringo. Marekani inamhesabu bakteria huyo kuwa tishio kubwa kwa kilimo chake. Vitalu katika majimbo mengi viliwekwa chini ya karantini na mimea kwa wingi ikateketezwa. Bakteria huyo huishi katika udongo na maji na huingia kwa mizizi. Penye baridi mmea unaweza kumbeba ukionekana mzima. Somo kwa biashara ni kwamba udongo wa kitalu huweza kuharibu soko hata pale usiposafiri.

Mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa Kenya ina minyoo ya viazi aitwaye Globodera rostochiensis. Mayai yake hukaa ndani ya vifuko vidogo kama vichwa vya sindano, na huweza kuishi udongoni zaidi ya miaka 20 bila kiazi kupandwa. Kifuko kimoja hakionekani kirahisi katika konzi ya udongo. Hakuna mkaguzi anayeweza kutazama vyungu 1,000 na kusema kwa uhakika kwamba havina kitu. Kwa hiyo sheria huzuia udongo wenyewe badala ya kutegemea macho.

Nyanda za juu za Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na kusini mwa Tanzania hulima viazi. Chungu kimoja kilichowekwa barazani, kisha udongo wake ukamwagwa bustanini baada ya ua kufa, kinatosha kufikisha tatizo shambani.

Kimataifa, nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea zilipitisha mwaka 2017 kiwango namba 40 kuhusu vifaa vya kuoteshea vinavyosafiri na mimea. Msingi wake ni kwamba hatari hutofautiana: udongo uko juu, na vitu vya madini kama pamisi visivyowahi kutumika viko chini. Umoja wa Ulaya hauruhusu udongo kutoka nchi nyingi za nje. Ndiyo maana makampuni yanayouza Ulaya kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hupeleka vipandikizi visivyo na mizizi, na udongo huwekwa huko viendako.

Nyaraka na utaratibu

Utaratibu huanzia nchi mzigo unakokwenda. Mnunuzi aliyeko huko huomba kibali cha kuingiza mimea. Kibali hicho hueleza masharti: iwapo udongo unaruhusiwa, mimea ioshwe mizizi au la, na dawa gani itumike. Muuzaji huchukua masharti hayo kwa mamlaka ya nchi yake, ambayo hukagua mzigo na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Anayeanza na cheti kabla ya kibali hujikuta na karatasi isiyotaja linalotakiwa upande wa pili.

Nchini Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS. Tanzania Bara ni ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Uganda ni ya wizara ya kilimo kupitia idara ya ukaguzi wa mazao, na Rwanda ni ya RICA. Zanzibar ina utaratibu wake wa karantini, hivyo hata mzigo wa kutoka Tanga au Dar es Salaam uulizwe kwanza.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000, unaondoa ukaguzi wa mimea. Utaratibu huo hurahisisha mambo ya ushuru na cheti cha asili ya bidhaa. Hauondoi cheti cha usafi wa mimea. Vivyo hivyo, kuwapo kwa kituo cha pamoja cha mpakani, kama Namanga, Holili, Busia, Mutukula au Rusumo, kunapunguza foleni, lakini masharti ya afya ya mimea hubaki yale yale.

Okidi, na jamii nyingi za shubiri, zimo pia katika mkataba wa CITES na huhitaji kibali cha ziada. Dereva asikubali kuzichanganya na maua mengine bila karatasi zake.

Usafi wa udongo hadi siku ya kupakia

Mchanganyiko safi huchafuka haraka. Chungu kikikalishwa chini, mizizi hutoka kwa matundu na minyoo huingia. Vyungu viwe juu ya vichanja, sakafu ya saruji au kokoto nene zilizotandikwa juu ya plastiki. Maji ya bwawa au mto yanayopokea mtiririko wa mashamba yasitumike bila kutibiwa.

Mboji inayotumika iuawe vimelea. Njia nafuu ni jua: itandazwe tabaka jembamba, iloweshwe, ifunikwe kwa plastiki angavu na kuzibwa kingo kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali. Njia ya haraka ni mvuke katika pipa la lita 200 lenye wavu juu ya maji. Joto la katikati ya mboji likifika nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi na kukaa nusu saa, linatosha. Ikipikwa kupita kiasi hutoa sumu inayounguza miche. Mboji iliyopikwa isirudishwe kwenye koleo na magunia yaliyobeba udongo mbichi.

Njiani, mimea imwagiliwe siku moja kabla ili maji ya ziada yatoke. Chungu kinachovuja ndani ya gari huongeza uzito na kulowesha majani. Bodi ioshwe kabla ya kupakia, kwa sababu tope la mzigo uliopita huhesabiwa kama udongo. Maua yasipakiwe pamoja na ndizi mbivu, maembe au maparachichi, kwani gesi ya matunda yanayoiva huangusha vikonyo.

Mambo ya kukagua kabla ya kuondoka

1. Kibali cha kuingiza mimea kimepatikana na masharti yake kuhusu udongo yamesomwa na muuzaji, mnunuzi na dereva.

2. Mchanganyiko wa chungu unajulikana ni wa vitu gani na vimetoka wapi, na maelezo hayo yameandikwa.

3. Vyungu havijakaa chini tangu vipandwe.

4. Mizizi ya mimea kadhaa imetazamwa, haina vinundu wala uozo.

5. Majina ya mimea na idadi katika cheti cha usafi wa mimea vinalingana na mzigo. Chungu kimoja cha zawadi kilichoongezwa dakika ya mwisho huvuruga hesabu yote.

6. Cheti hakijapitwa na muda uliowekwa kati ya ukaguzi na safari.

7. Bodi, trei na matairi havina tope.

Pale masharti yanapokuwa magumu, njia tatu hubaki wazi: kuuza vipandikizi bila mizizi, kupeleka mimea iliyooshwa mizizi na kuvikwa makumbi mapya, au kuingia ubia na mwenye kitalu wa upande wa pili ambaye ataweka udongo wa kwao. Katika njia zote hizo, kinachovuka mpaka ni mmea. Udongo wa kuujaza chungu upo kila upande wa mpaka, na hakuna mteja anayeulipia nauli kwa hiari yake.